Ukiletewa habari ya jiwe linalokuja kuimaliza dunia, fanya hivi

Ninafundisha fizikia sekondari hapa wilayani Mbozi, na si mbali nasi ni Ndolezi, kilipo Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma la tani zipatazo 16. Labda ndiyo maana kila ujumbe wa WhatsApp unaosema jiwe la angani litaifuta dunia mwezi ujao hunifikia mapema. Wanafunzi huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, maana wameogopa kweli. Aliyeogopa hachekwi. Anaonyeshwa namna ya kupima.

Anza na ukubwa. Ujumbe usiotaja kipenyo cha jiwe uweke kando kwanza. Lililowamaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, likachimba shimo la Chicxulub kule Meksiko lenye upana wa kilomita 180 hivi, lilikuwa na kipenyo cha kilomita 10 hivi. Lililopasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 15, 2013, lilikuwa na mita 20 hivi tu. Mpe mtoto kalamu akokotoe. Kipenyo kikizidi mara 500, uzito wa mawe ya aina moja unazidi mara 500 kwa 500 kwa 500, yaani mara milioni 125. Hesabu hiyo hulituliza darasa kuliko maneno yangu. Mwambie pia kwamba mawe ya kilomita moja na zaidi yanayopita jirani na njia ya Dunia, wanaastronomia wameshayapata zaidi ya asilimia 90, na hakuna hata moja kati yao lenye nafasi ya maana ya kutugonga katika miaka 100 ijayo. (Hapa hakosi wa kuuliza habari za mjusi wa Tendaguru, Lindi. Yule alikufa kama miaka milioni 150 iliyopita. Jiwe la Chicxulub halimhusu.)

Kisha umbali. “Litapita karibu nasi” ni maneno matupu mpaka utajiwe kilomita. Panga machungwa 30 ya ukubwa mmoja kwa mstari: la kwanza ni Dunia, na Mwezi uko mwisho wa mstari, kilomita kama 384,000. Mawe mengi yanayotangazwa kwa kishindo hupita ng’ambo ya mstari huo.

Sasa uwezekano, na hapa ndipo watu wazima wenye shahada hupotea. Desemba 27, 2024, darubini ya ATLAS iliyoko Chile iliona jiwe lililopewa jina 2024 YR4, lenye mita 60 hivi. Kufikia Februari 18, 2025, nafasi ya kugonga Dunia Desemba 22, 2032 ilikuwa imepanda hadi asilimia 3.1, sawa na 1 kati ya 32, na ukanda wa mahali lingeweza kuangukia ulikatiza hata Afrika. Simu zilijaa. Kabla Februari haijaisha, nafasi hiyo ilishuka hadi karibu sifuri.

Wengi waliona kama wanasayansi wamegeuka. Sivyo. Jiwe likionekana kwa siku chache tu, njia yake haijulikani sawasawa. Kinachojulikana ni eneo pana ambamo litapita, na Dunia imo kama sehemu ndogo ya eneo hilo. Vipimo vikiongezeka, eneo linapungua. Kama Dunia bado imo, sehemu yake ndani ya eneo hilo inakua, na asilimia inapanda. Siku eneo likisogea pembeni ya Dunia, asilimia inaporomoka. Kwa hiyo ukiona namba inapanda wiki ya kwanza na ya pili, usikimbilie kusambaza, subiri vipimo.

Vipimo vyenyewe viko wazi kwa kila mtu. NASA wana orodha iitwayo Sentry, na Shirika la Anga la Ulaya nalo lina orodha yake ya hatari. Tafuta jina la jiwe humo. Angalia pia kipimo cha Torino, kinachopima hatari ya jiwe kuanzia 0 hadi 10. Sifuri maana yake lala usingizi. YR4 ilifika 3. Iliyowahi kufika juu kuliko zote ni Apophis, iliyopewa 4 mwishoni mwa 2004.

Apophis iandike kwenye kalenda, maana uvumi wake utakuwa mkubwa. Usiku wa Ijumaa, Aprili 13, 2029, kuamkia Jumamosi, jiwe hilo la zaidi ya mita 300 litapita kilomita kama 32,000 tu juu ya uso wa Dunia, pungufu ya machungwa matatu kwenye ule mstari wetu, chini ya setilaiti nyingi za televisheni. Halitatugonga, vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hatari hiyo kwa angalau miaka 100. Afrika tutaweza kuliona kwa macho matupu, mbingu zikiwa safi, kama nukta ya nuru inayosogea taratibu. Watayarishe watoto mapema ili usiku huo watoke nje kuangalia, wasijifiche uvunguni.

Na akikuuliza, “Likija kweli?” mwambie kuhusu Septemba 26, 2022, chombo cha NASA kiitwacho DART kilipogonga kwa makusudi jiwe la Dimorphos, lenye mita 160 hivi, linalolizunguka jiwe kubwa zaidi liitwalo Didymos. Muda wa mzunguko wake mmoja, uliokuwa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Binadamu ameshasogeza jiwe angani. Kinachohitajika ni kuliona miaka mingi kabla.

Ninalohofia mimi ni yale madogo. La Chelyabinsk lilitokea upande wa Jua, hakuna aliyeliona likija. Watu wapatao 1,500 waliumia, wengi kwa vioo: waliona mwanga mkali, wakaenda dirishani kutazama, na kishindo kikafika kama dakika mbili baadaye. Mwalimu mmoja wa huko aliwaamuru wanafunzi wake waingie chini ya madawati, wakatoka wazima. Kwa hiyo mkifanya zoezi la moto shuleni, ongezeni na hili: ukiona mwanga wa ajabu angani, ondoka dirishani, lala chini au ingia chini ya dawati, ziba masikio, na usiinuke mpaka kishindo kipite.