Kumpa mtu kitabu, wimbo au filamu msimu wa sikukuu: hatua kwa hatua

Sikukuu zikikaribia, watu hupata kitu ambacho mwaka mzima kiliwapiga chenga: saa mbili tatu mfululizo zisizo na kazi. Ndipo mapendekezo yanapomiminika. "Hii lazima uione!" "Hiki usipokisoma umekosa uhondo!" Mengi hupotelea njiani. Linki inabaki kwenye simu bila kufunguliwa, na kitabu kinarudi mwezi wa tatu kikiwa kipya kama kilivyotoka.

Mimi ni mkutubi. Kazini kila siku kuna mtu anayesimama mbele ya meza yangu akitaka kujua asome nini, na nyumbani ndiye ninayeachiwa nyimbo na filamu za msimu. Kwa uzoefu huo naamini pendekezo zuri huanza kwa mpokeaji, na kile unachokipenda wewe hufuata baadaye. Kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Andika majina ya watu kwanza

Chukua karatasi, uandike majina ya watu unaotaka kuwapa kitu. Usiandike jina la kitabu wala filamu bado. Mbele ya kila jina weka nafasi ya kitu kimoja tu, kwa sababu mtu aliyepewa orodha ya filamu kumi kwa kawaida hatazami hata moja: atachagua kesho, na kesho haifiki.

Ongeza neno moja kuhusu muda wake. Mwenye mtoto mchanga hana saa tatu za kutulia, lakini ana vipande vya dakika kumi kumi, hivyo hadithi fupi zinamfaa. Anayesafiri safari ndefu kwa gari anahitaji kitu cha kusikiliza. Anayepokea wageni nyumba nzima anahitaji muziki zaidi ya riwaya.

Hatua ya 2: Uliza, kisha nyamaza usikilize

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo wengi wanayoiruka.

Usimuulize mtu anapenda vitabu vya aina gani. Atakujibu "vyovyote tu", na utabaki ulipokuwa. Mwambie hivi: "Nieleze kitu cha mwisho ulichokisoma au kukitazama ukakifurahia kweli kweli. Nini kilikushika?" Kisha mwache aseme, na masikio yako yawe kwenye sababu anazotoa.

Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyejipatia jina akiwa kwenye maktaba ya umma ya Seattle, hufundisha kwamba msomaji huingia kitabuni kupitia mojawapo ya milango minne: hadithi, wahusika, mandhari au lugha. Mimi huusikia mlango katika maneno ya mtu mwenyewe. Akisema "nilisoma mpaka alfajiri, nilitaka kujua nani alimuua", huyo ameingia kwa hadithi. "Yule mama nilimhurumia, na hadi leo namfikiria" ni wahusika. "Nilijiona niko kule kule kisiwani" ni mandhari. Na anayekuambia "kuna sentensi nilizirudia mara tatu kwa utamu wake" ameingia kwa lugha. Huyo hata ukimpa kitabu kisicho na matukio mengi atakushukuru.

Uzuri wake ni kwamba milango hii inavuka kutoka sanaa moja hadi nyingine. Chukua shangazi asiyesoma, lakini hakosi tamthilia zake za jioni. Muulize kwa nini anaifuata ile ya sasa. Akikujibu, "Ah, mwanangu, yule dada mkubwa! Anavyowabeba wadogo zake bila kulalamika," umeshapata ulichokuwa unakitafuta. Mtafutie riwaya ya ndugu waliolelewa na dada yao, yenye sura fupi na mazungumzo mengi, na maandishi makubwa kama macho yamechoka. Hutakuwa umemlazimisha "aanze kusoma". Umempa dada mwingine wa kumfuata.

Kwenye muziki mimi husikiliza mambo mengine: mtu anashikwa na sauti ya mwimbaji, na mdundo, na ala, au na maneno? Anayependa maneno, ukimpa albamu ya ala tupu humtendei haki, hata kama wewe unaiona ndiyo kilele cha muziki wote. Kila shetani na mbuyu wake.

Hatua ya 3: Hakikisha kitafunguka kwake

Mapendekezo mengi hufia hapa, na chanzo ni mambo madogo ya kiufundi.

*Linki za muziki.* Orodha ya nyimbo uliyoitengeneza kwenye programu moja kwa kawaida haimsaidii mtu anayetumia programu nyingine. Kwa hiyo pamoja na linki, andika jina la kila wimbo na la msanii kwa maandishi ya kawaida. Atazitafuta mwenyewe kwa programu aliyonayo.

*Filamu za mtandaoni.* Huduma za kutazama filamu hununua haki nchi kwa nchi, hivyo filamu unayoiona kwako huenda haipo kabisa kwa ndugu yako aliye nchi nyingine. Mwambie aitafute kwanza kabla hujamsifia nusu saa.

*Flashi.* Nazungumzia video uliyo na haki ya kuigawa, kama zile za familia au kazi ambazo wenyewe wamezitoa bure. Flashi nyingi hutumia FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ndani ya flashi, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Ndiyo maana flashi inakuambia haina nafasi wakati unaona nafasi ipo tele. Ifomati kwa exFAT, mfumo mwingine usio na kikomo hicho, ila hamisha vilivyomo kwanza, maana kufomati hufuta kila kitu. Uliza pia kama televisheni yake inasoma exFAT, kwa kuwa baadhi ya za zamani hazisomi. Kama kuna faili la SRT, yaani la manukuu (maandishi ya mazungumzo yanayotokea chini ya picha), lipe jina lilelile la faili la filamu na uyaweke kwenye folda moja. Hapo televisheni nyingi huyaonyesha yenyewe.

*Vitabu vya kidijitali.* Ukinunua kitabu cha aina hii, mara nyingi unachopata ni leseni ya kukisoma, na leseni hiyo haikuruhusu kukiazimisha kama kitabu cha karatasi. Mnunulie nakala yake, au mpe kilicho huru kisheria. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki ya kitabu hudumu angalau maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeifanya 70. Muda huo ukiisha, kazi ni ya watu wote. Project Gutenberg, iliyoanza 1971, hutoa maelfu ya vitabu vya namna hiyo bure, na LibriVox, tangu 2005, ina vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea. Kwa babu ambaye macho yamepungua nguvu lakini masikio yako timamu, kitabu cha sauti kilichokwisha kupakuliwa kwenye simu yake ni zawadi kubwa. Neno la kuzingatia ni hilo: kilichokwisha kupakuliwa. Usimwachie kazi ya kutafuta bando.

Hatua ya 4: Andika kijikaratasi

Kitu bila maneno yako ni kitu tu. Andika mistari mitatu au minne kwa mkono na uichomeke kwenye kitabu, au itume pamoja na linki. Iwe na mambo haya: kwa nini nimekufikiria wewe, nini kitakukuta mwanzoni, na ruhusa ya kuacha. Mfano:

"Shangazi shikamoo. Ulivyonisimulia yule dada wa kwenye tamthilia, kitabu hiki kilinijia papo hapo. Kurasa ishirini za mwanzo zina majina mengi, usihangaike kuyashika. Wewe mfuate Zuhura tu. Usipokipenda, nirudishie bila maelezo, nami nitakutafutia kingine."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna neno kwamba kitabu hiki ni bora kuliko vyote, na hakuna mwisho wa hadithi. Sifa nyingi humpa msomaji mzigo: akifika ukurasa wa kumi bila kutetemeka anadhani kasoro ni yake. Hata "subiri ufike mwisho, utashangaa" usiandike, kwa sababu ukishamwambia kuna mshangao, kila ukurasa atakuwa anauvizia, na utakuwa umemmalizia uhondo.

Onyo, hata hivyo, liandike. Kama ndani kuna kifo cha mtoto, ugonjwa mrefu au ukatili wa nyumbani, mtajie kwa sentensi moja. Sikukuu huwakuta watu wengine katikati ya msiba, na mtu ana haki ya kujua anachofungua.

Hatua ya 5: Filamu ya kutazama pamoja

Kuchagua filamu kwa kura huacha kundi lililoshindwa limekaa limenuna. Njia ninayoipenda ni ya kuondoa. Mkiwa watu watano, wekeni majina sita mezani, yaani moja zaidi ya idadi yenu. Kila mtu anaondoa moja, akianza mdogo kuliko wote. Inayobaki ndiyo mnayoitazama. Huenda isiwe kipenzi cha mtu yeyote, lakini hakuna aliyeikataa, na kwa usiku wa familia, hiyo inatosha sana.

Kabla watu hawajakaa, ifungue uangalie dakika mbili. Sauti inasikika hadi nyuma? Manukuu yanaenda sawa na midomo? Umri wa watazamaji umeandikwaje? Washa manukuu hata kama lugha ni yenu. Wazee wasiosikia vizuri hawatakuomba uyawashe; watakaa kimya wasielewe.

Hatua ya 6: Muziki

Hapa nina neno moja: fupisha. Kaseti za dakika 90 zilibeba dakika 45 kila upande, na kipimo hicho cha upande mmoja kinafaa mpaka leo kwa orodha ya nyimbo ya kumpa mtu. Ikizidi hapo, hakuna anayefika mwisho.

Wa kwanza uwe wimbo unaoingia masikioni kwa urahisi. Ule mgumu unaoupenda kuliko yote uweke wa nne au wa tano, sikio likishazoea. Ukichanganya rekodi za zamani na za sasa, zisikilize zote mfululizo kwenye spika moja, kwani za sasa mara nyingi zina sauti kubwa zaidi na humshtua mtu. Programu nyingi za muziki zina sehemu ya kusawazisha sauti, iwashe. Kisha mwambie mtu asikilize wakati gani: anapopika, barabarani, au usiku taa zimezimwa. Wimbo uleule ukisikilizwa mahali pasipo pake haufanyi kazi.

Hatua ya 7: Amua kama umetoa au umeazima

Sema waziwazi kabla kitabu hakijatoka mkononi. "Ni chako" au "nakuazima mpaka mwisho wa mwezi wa pili." Urafiki mwingi umeingia doa kwa sababu mmoja alidhani amepewa na mwenzake alijua ameazimisha. Kwa cha kuazima, andika jina lako kwa penseli ndani ya jalada, halafu mpige picha mtu akiwa amekishika. Picha hiyo ina tarehe ndani yake, na inatunza kumbukumbu kuliko daftari. Kitabu ambacho kikipotea utaugua, usikiazimishe kabisa. Nunua nakala ya pili.

Hatua ya 8: Baada ya wiki mbili

Usiulize "umemaliza?" Swali hilo humfanya mtu ajisikie yuko kwenye mtihani. Uliza "umefika wapi?" au "kuna mtu amekukera humo ndani?" Watu hufunguka haraka wakianza kumsema mhusika.

Akikwama, mpe kanuni nyingine ya Pearl: soma kurasa 50, na kama hakijakuingia, kiache. Mwenye zaidi ya miaka 50 atoe umri wake katika 100. Jibu ndilo idadi ya kurasa anazodaiwa. Bibi wa miaka 80 anadaiwa kurasa 20 tu. Nimeona wasomaji wakicheka kwa nafuu wanapoisikia, na wengi wao huondoka na kitabu kingine siku ileile.

Kisha yeye naye akupe chake, na ukikubali, ukipe nafasi kabla ya vile ulivyojichagulia mwenyewe. Mtumie ujumbe ukiwa katikati, utaje jambo moja mahususi: mstari wa wimbo, uso wa mwigizaji kwenye tukio fulani, jina la mhusika. Rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, na mbele ya kila jina andika kilichompendeza, kilichomshinda na mlango alioingilia. Ihifadhi pamoja na vitabu. Msimu ujao hutaanza kuuliza upya.