Somo: Kugeuza iterata ya kawaida iwe ya asinkroni kwa thredi ya pembeni

Tuseme unaitengenezea sacco moja hapa Nairobi API kwa Python. Mhasibu anabofya kitufe apakue miamala ya mwaka mzima, na maktaba ya hifadhidata uliyorithi haijui async, yaani kusubiri bila kuzuia kazi nyingine. Inakupa iterata tu, yaani kitu kinachotoa mistari mmoja baada ya mwingine: `for mstari in miamala`. Kila hifadhidata inapochelewa kutoa mstari unaofuata, lupu nzima ya asyncio, ile inayogawa zamu kwa maombi yote, inasimama. Mwanachama aliye Umoja, anayetaka kuona salio lake tu, anangoja mhasibu amalize. Na kubandika `async` mbele ya `def` hakusaidii kitu, ingawa wengi huishia hapo.

Dawa ni kuiita `next`, inayochukua mstari unaofuata, kwenye thredi nyingine (njia ya pembeni ya kuendesha kazi ndani ya programu ileile), lupu iendelee na shughuli zake.

Hatua ya 1. Uwe na Python 3.9 kwenda juu, maana `asyncio.to_thread` ilianzia hapo.

Hatua ya 2. Andika kipitishi:

```
import asyncio
MWISHO = object()

async def pitia(chanzo):
    iterata = iter(chanzo)
    while True:
        kitu = await asyncio.to_thread(next, iterata, MWISHO)
        if kitu is MWISHO:
            return
        yield kitu
```

Mistari ikiisha, `next` inarudisha `MWISHO`. Unaitumia hivi: `async for mstari in pitia(miamala)`. Kama mistari ni michache na kila mmoja unachelewa, ishia hapa.

Hatua ya 3. Mistari ikiwa mingi, chota kwa mafungu. Kila mwito wa `to_thread` ni safari ya kwenda na kurudi. Mistari laki mbili ni safari laki mbili, na hapo utashangaa ripoti imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa mwanzo.

```
from itertools import islice

async def pitia_mafungu(chanzo, ukubwa=500):
    iterata = iter(chanzo)
    def chota():
        return list(islice(iterata, ukubwa))
    while fungu := await asyncio.to_thread(chota):
        for kitu in fungu:
            yield kitu
```

Fungu tupu ndiyo dalili ya mwisho, kwa hiyo `MWISHO` hatuihitaji tena. Ila hitilafu ikitokea katikati ya fungu, mistari iliyokwisha kuchotwa humo inapotea nalo. Hizi ni pesa za watu: faili ikikatika, mhasibu aambiwe imekatika.

Maswali ya wanaosoma somo hili

*Mkuu, kwa nini MWISHO? Si ningekamata StopIteration tu?*

StopIteration, ile ishara ya Python kwamba iterata imeisha, haifiki kwako. Future, kitu kinacholeta jibu la thredi kwa `await`, haikubali kuibeba. Kwenye matoleo ya nyuma `await` inaning'inia bila kurudi, na ujumbe wa kosa unaishia kwenye logi tu. Matoleo mapya yanakurushia RuntimeError.

*Natumia sqlite3. Inalalamika kwamba kitu kilichoundwa kwenye thredi moja hakitumiki kwenye nyingine.*

Iko sahihi kulalamika. `to_thread` inachukua thredi yoyote iliyo huru kwenye bwawa la lupu (kundi la thredi zinazotumika tena na tena), na bwawa hilo lina hadi 32 kutegemea kori za mashine. Tengeneza bwawa lako la thredi moja, `ThreadPoolExecutor(max_workers=1)`, kisha peleka kazi zote humo kwa `lupu.run_in_executor`: kufungua muunganisho, kuuliza, kuchota, kufunga. Wengi husahau lile la kufungua. Kuna pia `check_same_thread=False`, lakini hapo ulinzi unabaki juu yako, na mimi singeanza nayo.

*Mteja akifunga kivinjari katikati, thredi inakufa?*

Hapana. Korutini, yaani ile kazi ya async iliyokuwa inasubiri, inafutwa, lakini thredi inaendelea hadi mwito ilio nao urudi. Weka ukomo wa muda kwenye maktaba ya hifadhidata yenyewe.

*Iterata yangu inapiga hesabu nzito, haisubiri mtandao. Itaenda kasi?*

La. GIL, kufuli la ndani la Python ya kawaida, inaruhusu thredi moja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati. Tumia michakato tofauti.

*Mimi nasoma vipimo vya tangi la maji Rongai, kimoja kila baada ya muda. Mafungu yanachelewa sana.*

Lazima yachelewe, dada. Fungu la 500 ni matatu iliyo stejini, haiondoki hadi ijae. Rudi hatua ya 2. Ukitaka thredi itangulie kusoma huku wewe ukichakata, tumia `asyncio.Queue` yenye `maxsize`, na ndani ya thredi uandike `asyncio.run_coroutine_threadsafe(foleni.put(kitu), lupu).result()`. Usiite `put_nowait` moja kwa moja kutoka kwenye thredi, kwa sababu foleni hiyo haikuundwa kuguswa na thredi mbili. Hiyo `.result()` nayo usiiondoe: ndiyo inayoifanya thredi isubiri foleni ikijaa.