Kuandaa Somo la Miungu ya Waanglo-Saksoni Bila Kuichanganya na ya Skandinavia

Mwalimu wa historia hapa Moshi anayetaka kuwafundisha vijana wa kidato cha tano habari za miungu ya Waanglo-Saksoni, watu waliohamia Uingereza ya kale kutoka bara la Ulaya, ni vyema aanze na siku za juma, kwa kuwa majina yake ya Kiingereza wanafunzi wanayatamka kila siku. Tuesday ni siku ya Tiw, Wednesday ya Woden, Thursday ya Thunor na Friday ya Frig. Andika majina hayo manne upande wa kushoto wa ubao, na upande wa kulia uwaandike wenzao wa Skandinavia: Týr, Odin, Thor na Frigg. Kisha piga mstari mnene katikati, maana kazi kubwa ya somo hili ni kuulinda mstari huo.

Majina yanafanana kwa sababu lugha hizo zina asili moja, lakini habari hazikuhifadhiwa kwa kiwango kimoja. Chini ya Odin utaandika mengi: alitoa jicho lake ili anywe maji ya kisima cha Mímir, akaning'inia mtini usiku tisa hadi akapata elimu ya herufi za runi. Chini ya Woden usiyaandike hayo, kwani hakuna maandishi ya Kiingereza cha Kale yanayoyasimulia. Yaliyopo ni machache, nayo ni ya thamani: koo nyingi za kifalme zilimtaja kuwa babu yao, mji wa Wednesbury bado una jina lake, na manuizo ya mitishamba tisa, maneno ya uganga ya Kiingereza cha Kale, yanasema kwamba alitwaa vijiti tisa vya utukufu, akampiga nyoka, naye nyoka akapasuka vipande tisa. Wasomee wanafunzi maneno hayo polepole, kwa sababu ni nadra sana kumwona Woden akitenda jambo lolote. Kijana aliyekulia migombani, akawaona wazee wakichuma majani ya dawa huku wakinuiza, atayaelewa upesi kuliko msomaji wa mjini London.

Kwa wengine usikawie. Mkono uliong'olewa na mbwamwitu Fenrir ni wa Týr, na nyundo Mjölnir ni ya Thor. Thunor tunamkuta hasa katika majina ya mahali, kama Thundersley huko Essex.

Hatua inayofuata, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo roho ya somo, ni kuuliza nani aliandika na lini. Bede, mtawa Mkristo wa Uingereza, alimaliza historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731, ilhali Penda wa Mercia, ufalme mmojawapo wa Waanglo-Saksoni, mfalme mashuhuri aliyeshikilia dini ya zamani, alikufa vitani mwaka 655, kabla Bede hajazaliwa. Snorri Sturluson aliandika Edda yake, kitabu cha habari za miungu ya Skandinavia, huko Aislandi karibu na mwaka 1220, zaidi ya miaka 200 tangu kisiwa hicho kipokee Ukristo. Hapo mtaje Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuandika juu ya mila za Wachagga: naye alikuwa mtu wa kanisa kama Bede, lakini aliwasikiliza wazee walioziishi mila hizo. Waache wanafunzi wabishane ni ushahidi wa nani wenye uzito zaidi, na kila mmoja atoe sababu.

Mwishowe weka majina yasiyo na mwenza. Bede aliandika mwaka 725 kwamba mwezi unaolingana na Aprili ulipewa jina la mungu wa kike Eostre. Upande wa kulia uache wazi. Loki, mungu mjanja wa Skandinavia, naye yuko kulia peke yake. Vijana watataka kuijaza nafasi hiyo, hasa waliotazama filamu, nawe usiwaruhusu. Wape kazi ya nyumbani ya kuunakili ubao wote, na mbele ya kila habari waandike jina la chanzo chake na mwaka. Habari isiyo na chanzo ifutwe.