Kompyuta ya gemu: unainunua ughaibuni, inaishi Kigoma

Simu ilinikuta kazini Columbus, saa nane mchana. Kigoma ilikuwa saa tatu usiku. "Mjomba, imelia paa! Na nyumba nzima inanuka." Mpwa wangu, pale Mwanga, alikuwa ndiyo kwanza ameichomeka ukutani kompyuta niliyomtumia, ile niliyojisifia kwa kila mtu kwamba nimeipata kwa bei ya kutupa.

Nyuma ya pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, kulikuwa na swichi nyekundu, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, imekaa kwenye 115. Umeme wa ukutani Marekani ni volti 120. Wa Tanzania ni 230. Swichi sikuiona, macho yangu yalikuwa kwenye feni zinazowaka taa za rangi.

Kumbe hiyo ilikuwa nusu ya msiba. Fundi akasema si neno, tuagize pawa saplai nyingine Kariakoo. Ikaja kwa basi. Alipofungua keisi ili aifunge, akakuta mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, haina lile tundu la pini 24 ambalo pawa saplai zote za kawaida hulitumia. Aliyeitengeneza alikuwa ameweka tundu la kwake mwenyewe. Keisi ile iko mpaka leo sebuleni kwa dada yangu, juu yake pamewekwa redio.

Tangu hapo nimepeleka nyingine tatu, moja ya kufidia ile na mbili za watu walioniomba niwachagulie, na zote zinawaka. Kilichobadilika ni namna ninavyosoma tangazo. Tangazo la kompyuta iliyokwisha kuunganishwa litakutajia prosesa, kadi ya grafiki na hesabu ya feni zenye taa. Pawa saplai, mazabodi, RAM (memori ya kazi) ni ya namna gani, inapozwaje, hayo yananyamaziwa, na hapo ndipo muuzaji anapobania. Wewe ukiwa Ohio au Leeds utavumilia, maana kifaa kikifa duka liko dakika 20. Kigoma mafundi wapo, tena wenye mikono, lakini kifaa chenyewe kinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo mimi naanza na yasiyotajwa.

Hata hivyo nikianza na prosesa nitaeleweka haraka, kwa sababu hapo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiona "Core i7" peke yake, bila namba inayofuata, funga ukurasa. Core i7-2600 ni ya 2011, i7-3770 ni ya 2012. Wajanja huchukua kompyuta za maofisini zilizostaafu, huzihamishia kwenye keisi ya kioo, wanachomeka kadi dhaifu ya grafiki, na jina "i7" linamaliza kazi. Core i3-12100, mtoto mdogo wa 2022, anamwacha mbali huyo babu. Tena Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kitu kingine: prosesa kubwa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilibainika mwaka 2024 kuwa zinaweza kujiharibu kwa kuomba volti nyingi mno. Intel walitoa marekebisho yanayoingizwa kupitia BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi, wakaongeza na waranti miaka 2. Ukikutana nayo kwa bei nzuri sikukatazi, ila apdeti ya BIOS uiweke wewe huko huko, usimwachie mtoto wa form two. Mimi binafsi nachukua Ryzen 5 7600 ya AMD au ndugu zake, wanaokaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM5, maana baada ya miaka 3 naweza kubadilisha prosesa tu nikiacha mazabodi ile ile.

Kadi ya grafiki ndiyo inayobeba gemu, na majina yake yana mitego. RTX 3050 iko ya GB 8 na iko ya GB 6, na hiyo ya GB 6 imepunguzwa nguvu, si memori peke yake. RTX 4060 Ti iko ya GB 8 na ya GB 16. Soma mpaka herufi ya mwisho. Kwa kijana anayecheza mpira, mbio za magari na vita kwenye skrini ya kawaida ya 1080p, RTX 4060, RTX 5060 au RX 7600 zinatosha kabisa. Naipenda RTX 4060 kwa sababu moja isiyozungumzwa na wauzaji: inakula wati 115 tu. Utaona baadaye kwa nini.

RAM, fupi: GB 16 ndiyo kima cha chini, na ziwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Kipande kimoja huipunguzia prosesa njia ya kuvuta data na gemu zinakwama kwama. Muuzaji huweka kimoja ili aokoe dola chache. Ukishafika nacho nyumbani, ongeza cha pili kinachofanana nacho. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, iwe ya NVMe, ile aina ya haraka, TB 1, maana gemu moja kubwa siku hizi linaweza kupita GB 100.

Sasa twende kwenye pawa saplai. Hapa chukua muda wako.

Kwenye tangazo utakuta "600W" na basi. Wati hazikuambii kitu. Tafuta jina la kampuni iliyoitengeneza na modeli yake, na kama havipo, andika ujumbe kwa muuzaji uvidai. Asipojibu, amekujibu. Kisha, mashine ikifika, fungua ubavu wa keisi, washa tochi ya simu, usome stika ya pawa saplai yenyewe. Kwenye mstari wa umeme unaoingia unataka kuona 100-240V na 50-60Hz. Hiyo inajirekebisha yenyewe na haina swichi. Ukiona 115V peke yake, hiyo haikuzaliwa kuja Kigoma. Ukiona 115/230 na swichi, basi swichi iwekwe 230 kabla ya kufunga boksi, na juu yake bandika plasta yenye maandishi makubwa. Nembo ya 80 Plus, Bronze au Gold, inakuambia umeme mdogo unapotea kwa joto. Ni jambo jema, lakini si cheti cha ubora wa kila kitu kilichomo ndani.

Ukiwa bado na tochi, hesabu pini. Waya mnene unaoingia kwenye mazabodi uwe wa pini 24, na pawa saplai iwe ya umbo la kawaida la ATX, iliyokazwa kwa skrubu nne nyuma. Kampuni kubwa kama Dell na HP zina modeli ambazo mazabodi, pawa saplai au hata keisi ni za umbo lao wenyewe. Mashine hizo zinafanya kazi vizuri, sizisemi vibaya, ila siku kifaa kikifa lazima utafute kile kile. Kwa mtu wa Kigoma hiyo ni sababu tosha ya kupita mbele. Duka la jirani lililounganisha vifaa vya kawaida vya sokoni, hata bila jina kubwa, linanifaa zaidi.

Kuhusu kupoza, kataa mashine inayopozwa kwa maji. Pampu ikifa hakuna wa kuitengeneza. Feni ya kawaida juu ya kipoza cha chuma, ikifa, unanunua feni. Na uso wa keisi uwe wavu, si kioo kilichoziba, uwe na chujio la vumbi linalochomoka likaoshwa. Anayejua Kigoma mwezi wa Agosti, vumbi lile jekundu linavyoingia mpaka kwenye sufuria yenye kifuniko, hahitaji maelezo.

Bei unaipimaje? Orodhesha vifaa vyote kwa majina, nenda PCPartPicker, tovuti ya bei za vifaa, jumlisha. Jumla hiyo ni gharama ya wewe kujiunganishia. Tofauti ikiwa ndani ya dola 100 hadi 150, mimi nanunua iliyounganishwa na sijutii, kwa sababu usiku wangu mmoja una thamani. Ikizidi hapo, unalipia taa. Ijumaa ile ya mauzo ya Novemba mara nyingi tofauti hupotea kabisa, mara nyingine mashine nzima huwa rahisi kuliko vipande vyake.

Nunua angalau miezi miwili kabla ya safari. Waranti ni ya huko uliko, haikufuati mpaka Mwanga, kwa hiyo kilicho kibovu kife mikononi mwako ukiwa bado unaweza kukirudisha. Siku ya kwanza fungua ubavu kabla hujaiwasha, kwa sababu wengine hujaza povu la kushikilia kadi wakati wa usafirishaji, na kuna watu wamewasha mashine na povu ndani. Kisha weka GPU-Z na CPU-Z, programu za bure, ulinganishe zinachosema na kilichoandikwa kwenye risiti. Angalia kama RAM inakimbia kasi uliyolipia, mara nyingi imeachwa kasi ya chini na lazima uingie BIOS uwashe XMP au EXPO. CrystalDiskInfo itakuambia SSD imefanya kazi saa ngapi. "Mpya" yenye saa 4,000 si mpya. Halafu itese. Endesha OCCT au 3DMark, programu za kuipa mashine mzigo, saa nzima, kisha cheza gemu zito jioni kadhaa mfululizo. Ikizima ghafla chini ya mzigo, mshuku pawa saplai kwanza. Ikipiga kelele kama kinu cha kusaga, jiulize itakuwaje chumba kikiwa na nyuzi joto 30 bila kiyoyozi.

Ukiridhika, tumia intaneti ya huko uliko kupakua kila gemu analotaka, kwa akaunti yake, mpaka SSD ijae vizuri. GB 100 kwa bando la simu ni mtihani. Steam, duka la gemu la mtandaoni, ina njia ya kucheza bila mtandao, muonyeshe.

Safari yenyewe: mashirika mengi ya ndege ya kimataifa yanakubali boksi la kilo 23 na jumla ya vipimo vya sentimita 158. Keisi ya ukubwa wa kati ndani ya boksi lake la awali huingia humo. Kadi ya grafiki ichomoe, izungushie mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uipande nayo ndegeni. Ikiachwa ndani inaning'inia kwa uzito wake na inaweza kung'oa tundu la mazabodi kabla hujafika hata Doha. Risiti iwe mkononi, na uzungumze na wakala wa forodha kabla hujaondoka, si pale kaunta. Kutoka Dar kwenda Kigoma kuna ndege, basi na treni. Buti la basi silitaki. Treni ya reli ya kati, iliyofika Kigoma tangu 1914, ni ya taratibu, lakini boksi unakaa nalo, unaliona.

Mliopo Uingereza mna bahati: plagi yenu ya miguu mitatu ndiyo ya Tanzania. Sisi wa Marekani tunanunua waya mwingine, ule wa kawaida wa kompyuta, upo duka lolote la vifaa vya umeme.

Na sasa zile wati. Umeme ukikatika si tatizo kubwa, tatizo ni namna unavyorudi. Mashine isichomekwe ukutani moja kwa moja hata siku moja. Iwe na UPS, betri ya akiba inayokaa kati yake na ukuta. UPS ya VA 1000 kwa kawaida hubeba wati kama 600. Ryzen 5 na RTX 4060 zikicheza kwa nguvu, pamoja na skrini, zipo kwenye wati 300 hivi, kwa hiyo anapata dakika za kuseivu na kuzima kwa heshima. Ungemnunulia kadi ya wati 300, jumla ingekaribia wati 500, na kwa UPS hiyo hiyo dakika zake zingepungua sana. Na mvua zikianza Novemba, radi ikisikika upande wa ziwa, achomoe kila kitu, na waya wa intaneti pia.

Wati 300 kwa saa 4 ni uniti 1.2. Kwa siku 30 ni uniti 36. Nyumba iliyo kwenye ile tarifu ya matumizi madogo ina uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini, na ukizidi bei inaruka. Hili sikulipigia hesabu. Dada alinipigia tarehe 19, hata hakunisalimia: "Huyo mtoto na mashine yako wamemaliza umeme wa friji." Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi natuma pesa ya LUKU, na kijana ana daftari anaandika saa zake za kucheza. Daftari lenyewe siliamini sana.