Picha ya zamani ya treni Zanzibar, utajuaje ni ya lini

Ukikuta picha ya treni ya Unguja kwenye albamu ya bibi au imerushwa kwenye grupu, usianze kusoma maandishi ya chini. Mara nyingi kayaandika mtu baadae kwa kubahatisha, na yakishakopiwa mara tatu kila mtu anayaamini. Mimi ninayo postikadi moja, pembeni imeandikwa 1890, na nakwambia huo mwaka haiwezekani kabisa.

Unguja ilikuwa na reli mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ya mwanzo ya Sultani Barghash, ilitoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu kabla hakijaletwa kichwa cha moshi, alipofariki 1888 ikang'olewa. Ya pili ndo ya kwenda kijiji cha Bububu, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ikaanza 1905, maili 7 kutoka pale Ngome Kongwe mjini, serikali ikainunua 1911 na abiria ikaacha kuwabeba 1922. Kwa hiyo 1890 hakukuwa na treni yoyote! Na ukiona behewa limejaa watu linapita uchochoroni karibu liguse mabaraza ya nyumba, hiyo ni Bububu, umebaki na miaka 17 tu ya kutafuta.

Sasa zumu nyuma ya treni, hapa ndo penye utamu. Mnara wa taa ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani pale baharini, picha ni ya kabla ya Waingereza kupiga mabomu Agosti 1896. Ukiona saa iko kwenye mnara uliounganishwa na jumba lenyewe, ni baada ya hapo. Ya kwangu saa inaonekana vizuri tu.

Geuza nyuma. Jina la studio kama Gomes au Coutinho linasaidia, ila stempu inasaidia zaidi: Sayyid Ali bin Hamud alitawala 1902 mpaka 1911, akafuata Khalifa bin Harub. Yangu ina sura ya Ali. Lakini angalia, stempu inakupa siku kadi ilipotumwa, picha yenyewe inaweza kuwa imepigwa miaka kabla.

Na wazee waulize, ila pima wanachosema. Utaambiwa jina Bububu limetokana na mlio wa treni, wakati Salme binti Said, mtoto wa Sultani, kaitaja Bububu kwenye kitabu chake cha 1886, reli ya huko bado haijajengwa.

Ukikwama linganisha na mkusanyo wa picha za zamani za Afrika Mashariki uitwao Winterton, wa chuo cha Northwestern cha Marekani, zipo mtandaoni bure, au nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani na kopi yako mkononi. Kisha andika nyuma kwa penseli, sio peni, wino unapenya. Mimi nimeandika "kati ya 1905 na 1911, sababu: reli ya Bububu, stempu ya Sayyid Ali".