Somo: Kuzuia kemikali zisiingie kwenye maziwa, kuanzia horini hadi kwenye kikombe cha mtoto

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba maziwa yakishachemshwa yamekuwa salama, na kwa upande wa vijidudu imani hiyo ina msingi. Moto huua bakteria wa kifua kikuu na wa brusela, lakini hauiondoi sumukuvu, hauyaondoi mabaki ya dawa za mifugo kwa kiwango cha kutegemewa, na haufanyi lolote kwa risasi wala aseniki. Tena maziwa yanapochemka kwa muda mrefu maji hupungua huku kemikali ikibaki palepale, kwa hiyo kila kikombe hubeba sehemu kubwa zaidi ya kemikali hiyo. Ndiyo maana hatua zote zinazofuata zinahusu yale yanayofanyika kabla maziwa hayajaingia kwenye sufuria.

Hatua ya kwanza: kagua anachokula ng'ombe.

Hapa ndipo tatizo kubwa linapoanzia, na ndipo watu wasipotazama. Nafaka, mashudu na pumba zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu wa jamii ya Aspergillus, nao hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini B1, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ng'ombe akiila, ini lake huigeuza sehemu yake kuwa aflatoksini M1, na hiyo hutoka pamoja na maziwa. Kwa kawaida kinachovuka ni asilimia 1 hadi 3 tu ya kilicholiwa, ila kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi kiwango hicho hupanda. Asilimia hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba viwango vinavyoruhusiwa hupimwa kwa maikrogramu, yaani sehemu za milioni ya gramu: Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu 0.5 kwa kilo moja ya maziwa, na Umoja wa Ulaya unaruhusu 0.05 tu.

Pasua bonge la mashudu kwa mkono kabla ya kulitia horini. Ukiona ndani yake utando wa kijani au wa manjano, au ukasikia harufu ya uvundo, gunia hilo lisitumike hata kwa kuchanganywa na chakula kizuri, kwa maana kuchanganya hakuondoi sumu bali kunaisambaza. Hata hivyo, chakula kisichoonyesha ukungu si lazima kiwe safi, kwa kuwa kuvu anaweza kufa na sumu yake ikabaki. Kinga ya kweli ni kukausha vizuri, kuweka magunia juu ya mbao mbali na sakafu na ukuta, na kutonunua akiba ya kukaa miezi mingi. Jambo la kutia moyo ni kwamba chakula kibaya kikiondolewa, M1 hupungua sana katika maziwa ndani ya siku chache.

Kemikali za viwandani nazo huingia kwa mlango huohuo. Mwaka 1973, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mifuko ya kemikali ya kuzuia moto iitwayo PBB ilichukuliwa kimakosa kuwa mifuko ya kirutubisho cha mifugo, na ng'ombe wakalishwa. Kabla kosa hilo halijagundulika, watu wengi walikuwa wameshakunywa maziwa na kula nyama, na hatimaye takribani ng'ombe 30,000 waliuawa. Weka dawa za kuulia wadudu, rangi na betri kuukuu mbali kabisa na stoo ya chakula cha mifugo.

Hatua ya pili: heshimu siku za kusubiri baada ya matibabu.

Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki hutoa dawa hiyo katika maziwa kwa muda fulani, na lebo ya dawa hutaja ni kwa saa au siku ngapi maziwa yasitumike. Muda huo hutofautiana kati ya dawa na dawa, kwa hiyo usikisie. Mtie ng'ombe alama ya utepe mguuni, andika tarehe na saa ya matibabu ya mwisho, na umkamue wa mwisho ili maziwa yake yasichanganyike na ya wengine. Robo moja ya kiwele ikitibiwa, maziwa ya robo zote nne huachwa, kwani dawa husafiri kwa damu. Penisilini hata kwa kiasi kidogo inaweza kumdhuru mtu mwenye mzio nayo, na kwa wengine wote mabaki ya kila siku huchangia kukuza bakteria sugu.

Hatua ya tatu: chombo.

Ndoo iliyowahi kubeba dawa ya shambani haisafishiki. Maziwa yaliyoganda yana asidi inayomong'onyoa shaba na zinki, kwa hiyo yatunzwe katika chuma kisichoshika kutu, aluminiamu, au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Sabuni na dawa ya kusafishia visuuzwe kwa maji safi ya kutosha.

Hatua ya nne: kisiongezwe chochote.

Wapo wanaotia formalini ili maziwa yasiharibike njiani. Formalini ni maji yenye formaldihaidi, ambayo nayo imo katika kundi lilelile la IARC. Haidrojeni peroksaidi, ambayo nayo hutiwa ili maziwa yasiharibike, ina habari yake: Codex ina mwongozo wa tangu 1991 unaoruhusu kiasi kidogo mno, pamoja na chumvi ya thayosayaneti, pale ambapo hakuna namna ya kupooza maziwa, na kazi hiyo hufanywa na watu waliofunzwa. Kumimina kifuniko kizima kwa makadirio ni jambo jingine kabisa.

Mfano mmoja mbaya sana ni wa China mwaka 2008. Maziwa yalikuwa yakiongezwa maji, na ili yaonekane bado yana protini yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Hila hiyo ilifaulu kwa sababu kipimo cha kawaida, kilichobuniwa na Johan Kjeldahl mwaka 1883, hakipimi protini yenyewe bali hupima nitrojeni, kisha huizidisha ili kukadiria protini. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni, kwa hiyo mashine iliona utajiri mahali palipokuwa na umaskini. Katika mwili wa mtoto, melamini iliungana na asidi ya yuriki na kufanya vijiwe katika figo. Watoto wapatao 300,000 waliathirika, na sita walitangazwa kufariki. Japani nayo ilikuwa imepatwa na msiba wa namna hiyo mwaka 1955, pale aseniki ilipoingia katika maziwa ya unga kupitia kiongezo kisicho safi: zaidi ya watoto 12,000 waliugua, na zaidi ya 100 walikufa. Katika visa vyote viwili walioumia ni watoto wachanga, kwani wao hawana chakula kingine cha kupunguza makali, na kwa kila kilo ya uzito wao hunywa maziwa mengi kuliko mtu mzima.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tunashukuru kwa somo. Je, kugeuza maziwa kuwa jibini au siagi kunapunguza sumu?

Jibu: Inategemea ni sumu gani, ndugu yangu. Aflatoksini M1 hushikamana na protini ya maziwa, kwa hiyo jibini huwa nayo kwa wingi kuliko maziwa yaliyoitengeneza, ilhali siagi huwa nayo kidogo. Dioksini, ambayo ni sumu ya viwandani, na PBB hukaa kwenye mafuta, kwa hiyo hapo siagi na malai ndivyo vya kuogopwa zaidi.

Swali: Maziwa yangu yakiganda vizuri kuwa mtindi, si ushahidi kwamba hayana antibiotiki?

Jibu: Si ushahidi kamili. Bakteria wa mtindi huathiriwa upesi na penisilini, kwa hiyo maziwa yaliyokataa kuganda baada ya kutiwa kimea kizuri, yaani mtindi wa kuanzishia, ni dalili ya kuchunguzwa. Lakini zipo dawa nyingine ambazo bakteria hao huzistahimili, na yapo mabaki yanayozidi kiwango halali bila kuzuia mgando. Dai kipimo cha mabaki ya dawa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Swali: Mimi ni muuzaji na ninatumia laktometa. Ikisoma 30 nipokee bila wasiwasi?

Jibu: Laktometa hupima uzito wa maziwa ukilinganisha na maji, basi. Maji yakiongezwa usomaji hushuka, lakini malai yakienguliwa hupanda, na sukari, chumvi au unga huupandisha pia. Mjanja akifanya yote mawili atakuletea 30 yako bila shida. Tone la madini joto litakuonyesha unga wa wanga kwa kugeuka buluu, ila kwa sumukuvu, melamini na dawa hakuna njia ila maabara au vipimo maalumu.

Swali: Nina mtoto wa miezi minane anayetumia maziwa ya unga. Nitajuaje kama yana tatizo?

Jibu: Kwa kuonja au kutazama hutajua, mama, na usijaribu kupima hivyo. Nunua kopo ambalo muhuri wake haujaguswa, lenye namba ya toleo na tarehe zinazosomeka. Usinunue yanayopimwa kwa vijiko kutoka kwenye gunia. Codex imeweka kikomo cha miligramu 1 ya melamini kwa kilo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Ukiona mtoto analia anapokojoa, mkojo umepungua au una damu, au amevimba uso, mpeleke hospitali siku hiyohiyo pamoja na kopo lenyewe na unga uliobaki, kwa kuwa bila namba ya toleo wachunguzi hawawezi kufuatilia makopo mengine yaliyotoka pamoja nalo.