Koyote wanamaliza mbuzi wako Texas? Kabla ya bunduki, soma ardhi yako

Shemeji alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Ana kishamba kaskazini-mashariki ya Dallas, kaunti ya Hunt, anafuga mbuzi wa kuwauzia Wabongo na Wakenya wa huku wakati wa sikukuu. Koyote, wanyama wa Amerika wa jamii ya mbwa mwitu, walikuwa wamebeba vitoto viwili vya mbuzi. Swali lake lilikuwa moja: "Nikimpiga, nafungwa?"

Ilituchukua siku tatu kupata jibu, na mbili kati ya hizo nilizipoteza mimi. Naandika njia ambayo tungeifuata tangu mwanzo. Ni ya Texas peke yake. Majimbo mengine yana sheria zao.

Hatua ya 1: Leseni

Hapa hakuna kazi. Texas haina msimu wa koyote. Anawindwa mwaka mzima, na kwenye ardhi ya mtu binafsi hata usiku. Leseni ya mkazi ni dola 25 na inakwisha 31 Agosti, hata kama umeinunua Juni. Ukiwa umezaliwa 2 Septemba 1971 au baadaye, unatakiwa uwe na mafunzo ya uwindaji. Mwenye ardhi anayempiga koyote anayeshambulia mifugo yake hahitaji leseni, lakini nunua tu. Sitaki kukuona unamweleza askari wa wanyamapori saa nane usiku kwamba koyote "alikuwa karibu kushambulia".

Walio kwa viza ya muda: sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza hata kushika bunduki. Leseni halali ya uwindaji ni mojawapo ya vighairi, ila muone mwanasheria kwanza. Hili si la kuulizana kwenye WhatsApp.

Hatua ya 2: Jua ardhi iko chini ya nani

Hapa ndipo nilipopotea. Anwani ya shemeji ina jina la mji, kwa hiyo nikapiga simu kwenye mji huo. Nikazungushwa ofisi hadi ofisi siku mbili, mwisho nikaambiwa ndani ya mji ni marufuku kufyatua bunduki. Shemeji akaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi. Kumbe shamba halimo kwenye mji huo kabisa! Jina la mji kwenye anwani ni la posta tu, linaonyesha barua zako zinapitia wapi. Unaweza kuandikiwa jina la mji ambao mpaka wake uko maili kumi kutoka kwako.

Fanya hivi. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya kaunti inayothamini ardhi kwa ajili ya kodi, utafute kwa jina la mwenye shamba au anwani. Ukifungua ukurasa wa shamba, usiangalie picha wala bei. Shuka mpaka kwenye orodha ya wanaokutoza kodi. Ukiona kaunti na wilaya ya shule lakini huoni mji, uko nje ya mji. Ukiuona mji, uko ndani, na amri za mji ndizo zinazokuhusu. Dakika mbili! Mimi nilitumia siku mbili.

Bado hujamaliza, maana kuna ukanda unaouzunguka mji, wanauita ETJ, ambako mji hautozi kodi ila una usemi. Kwenye orodha ile hauonekani. Omba ramani yake kwenye ofisi ya mipango ya mji. Upana unategemea watu: mji wenye watu chini ya 5,000 una nusu maili, wenye 100,000 na zaidi una maili tano.

Kuna programu za simu za wawindaji zinazoonyesha mipaka ya mashamba, na watu wanaziamini sana. Mimi nazitumia kujua jina la jirani, basi. Mstari wake ukikuambia uko hatua kumi ndani ya kwako, usifyatue risasi kwa kuutegemea.

Hatua ya 3: Ekari na futi

Kwenye ETJ, na kwenye maeneo yaliyoingizwa mjini baada ya 1 Septemba 1981, sheria ya jimbo inauzuia mji kukukataza bunduki ya marisau (shotgun) ikiwa ardhi ni ekari 10 au zaidi na uko zaidi ya futi 150 kutoka nyumba iliyo kwenye ardhi ya mwingine. Bunduki ya risasi moja moja (rifle au bastola) inataka ekari 50 na futi 300. Na kote kuwili, risasi isitarajiwe kuvuka mpaka. Pima kutoka pale utakaposimama wewe, si kutoka kwenye zizi. Nyumba yako mwenyewe haihesabiwi.

Nje ya mpaka wa mji kuna kaunti pia, na kaunti inaweza kupiga marufuku kwenye viwanja vya ekari 10 au pungufu vilivyokatwa kwenye mradi wa viwanja. Shemeji siku zote anasema ana "ekari kumi". Kwenye rekodi ni 9.87. Nilimsomea kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Yule dalali!" Kwa bahati, kaunti haikuwa na amri inayomgusa.

Hatua ya 4: Risasi isivuke

Ukiwinda, risasi ikivuka mpaka wa ardhi yako ni kosa, labda uwe na ruhusa ya maandishi: jina lako, ardhi zinazohusika, sahihi ya mwenye ardhi hiyo. "Jirani alikubali tulipokuwa tunakunywa chai" haitoshi. Barabara ya umma usiivukishe risasi kamwe.

Hatua ya 5: Hati ya kiwanja

Ningeanza upya, ningeanza hapa. Maelezo ya ardhi kwenye rekodi ya kodi yakitaja jina la mradi, bloku na namba ya kiwanja, nenda kwa karani wa kaunti uombe masharti yaliyosajiliwa ya mradi huo. Ni makubaliano kati ya wenye viwanja, si sheria ya serikali, lakini jirani anaweza kukushtaki nayo.

Ya shemeji yalikuwa kurasa kumi na moja. Ukurasa wa sita, katikati ya aya ya matrela na rangi ya uzio, mstari mmoja: hakuna uwindaji, hakuna kufyatua bunduki. Alikuwa ameweka sahihi siku ya kununua.

Wiki iliyofuata akanunua punda, maana Texas wafugaji wengi huweka punda kulinda mbuzi. Nilipokwenda Jumamosi alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, masikio mbele, na hata mimi alinikatalia kuingia.